Wakuu wa idara, ingieni darasani mkae

Mhariri, naomba kanafasi niongelee hili la walimu wapya kushindwa kutuliza darasa, maana lawama zote zinaishia kwa mwalimu mwenyewe, mara mpole sana, mara walimu wa siku hizi hawana wito.

Mi nafundisha sekondari ya kata na hii naiona. Kelele zikizidi kidato cha pili mkuu wa idara anatoka ofisini na fimbo, anaingia bila hodi, anachapa mstari wote wa nyuma, huyo anaondoka. Dakika tano kimya. Sasa hapo kamsaidia nani? Watoto washajua ticha wao hawezi kitu mpaka aitiwe mtu, kesho wanaanza mapema zaidi. Tena kanuni za viboko za 2002 ziko wazi, mwenye mamlaka ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na visizidi vinne, ila nani anazifuata.

Ninachoomba, mkuu wa idara akakae dawati la nyuma kipindi kizima, ile fomu ya ukaguzi aiache ofisini, aangalie tu kelele zinaanzia wapi. Mara nyingi utakuta mwalimu kageukia ubao dakika kumi anaandika notsi, watoto wamebanana watatu watatu, vitabu hawana, we unategemea wafanye nini kama sio kupiga stori? Hilo wakaongee wawili kwenye chai, sio kwenye kikao cha walimu mbele ya watu wote. Amwambie wape swali kwanza ndo ugeuke, notsi monita aandike kabla hujaingia, na wale wasumbufu wajue kwa majina. Wiki inayofuata wabadilishane, mwalimu akakae kwenye kipindi cha mkuu wa idara aone yeye anafanyaje (na huko nako kelele zipo jamani, tusidanganyane).

Halafu ratiba. Tangu elimu bila ada ianze 2016 mikondo imefurika, na ule mkondo ulioshindikana anapewa mgeni, tena kipindi cha mwisho Ijumaa, wazoefu wameshajichukulia kidato cha nne asubuhi. Mtaaluma akipanga vipindi mkuu wa idara anashirikishwa, si angemtetea hapo?

Watasema na wao wana vipindi kibao. Kweli kabisa, basi wakuu wa shule wawapunguzie hata viwili kwa wiki wapate muda wa kukaa huko nyuma.

Mwalimu wa Hisabati,
Morogoro