Barua ya wazi kwa vijana wa kwaya: mwacheni mfiwa alie

Bwana Yesu asifiwe wanangu.

Nawaandikia nyie vijana wa kwaya na wale mnaoshikaga maiki msibani, nawaandikia kwenye simu hii hii maana tukikutana kanisani ni "shikamoo bibi" halafu mmeshakimbilia mazoezini. Nina hasira kidogo, mtanivumilia.

Juzi tumemzika yule kijana wa bodaboda, kihambani kwao, kwenye shamba la ukoo, na mmeimba vizuri sana sina neno. Lakini mke wake alipoangukia jeneza akawa anamwita mumewe, mmoja wenu kamfuata na maiki kabisa, eti "dada nyamaza, mkristo halii kama mpagani, sema haleluya", na watu wakaitikia amina! Binti wa watu akameza kilio chake akabaki kakodoa macho tu. Nilitamani kumnyang'anya ile maiki.

Hivi hilo mmelitoa wapi? Najua mtaniletea 1 Wathesalonike 4, "msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini". Haya, isomeni polepole. Paulo hajasema msihuzunike akaishia hapo. Huyo huyo Paulo kwenye Wafilipi anasema kufa ni faida, ukifungua sura inayofuata anasimulia mwenzake Epafrodito alivyougua karibu na kufa, na kwamba Mungu alimhurumia yule na yeye Paulo pia, asije akapata huzuni juu ya huzuni. Barua moja hiyo!

Halafu nendeni Yohana 11. Yesu alishawaambia wanafunzi anakwenda kumwamsha Lazaro, kwa hiyo pale Bethania hakukuwa na mtu mwenye tumaini kumzidi yeye, na bado alilia. Martha kamwambia kama ungalikuwapo hapa ndugu yangu hangalikufa, Mariamu naye kaja na maneno yale yale, na hakuna aliyeambiwa kakosa imani. Stefano je? Kafa anaziona mbingu zimefunguka, lakini Matendo 8 inasema watu watauwa walimzika wakamfanyia maombolezo makubwa. Watauwa, siyo wapagani.

Alipofariki babu yenu waliokuja na mistari walikuwa wengi na sikumbuki hata mmoja alisema nini. Namkumbuka mama mmoja wa jumuiya, siyo msemaji, hata kusoma anasoma kwa shida, alikuwa anakuja jioni watu wakishatawanyika, turubai limeshakunjwa na viti vya kukodi vimesharudi, anawasha moto, anabandika ndizi, tunakula kimya. Siku moja nikamuuliza, hivi kweli nitamwona tena? Akasema utamwona, Bwana amefufuka, haya kula ndizi zinapoa.

Naamini ufufuo jamani, msidhani uzee umenipoza. Kaburi la babu yenu liko nyuma ya migomba, nalipita kila asubuhi nikienda kumkatia ng'ombe majani na najua siyo mwisho wake pale. Ila 1 Wakorintho 15 inasema mauti ni adui, adui wa mwisho atakayebatilishwa. Sasa adui kakuchukulia mtu wako halafu unaambiwa ushangilie? Atabatilishwa, ndiyo, lakini kaumiza.

Na siyo nyie tu, makanisa yetu siku hizi yanataka ushindi kila Jumapili, upenyo, muujiza, gari, viza, basi mfiwa anakuwa kama katuharibia shughuli. Kuna mama namjua alifiwa na mtoto akaulizwa na muumini mwenzake kama kweli alifunga na kuomba vya kutosha. Kaacha kanisa na mimi simlaumu. Tunachanga haraka sana jeneza zuri na fulana zenye picha, lakini marehemu alipokuwa anatafuta hela ya dawa grupu lilikuwa kimya.

Mengine nayasema harakaharaka. Msipige picha maiti mkaweka stetasi. Msisome rambirambi kwa kutaja kiasi cha kila mtu. "Kuna mkono wa mtu" isitoke mdomoni mwa mwanakwaya. Mtoto mdogo aambiwe baba amefariki, siyo amesafiri. Na wanaume nao walie, hakuna andiko linalowakataza.

Sasa la mwisho. Nasikia shemeji zake yule binti wameshaanza kuulizia pikipiki na kile kipande cha kihamba, hata maua ya kaburini hayajanyauka. Yakobo 1:27 mnaijua, dini iliyo safi ni kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Wazee wa ukoo nitaongea nao mimi, wananijua. Nyie mahindi yake hayajapaliliwa, Jumamosi saa moja asubuhi muwe kwake kila mtu na jembe lake, unga na maharage mje navyo msimtie gharama, na spika muiache kanisani.

Bibi yenu