Studio za anime haziuawi na uhaba wa watazamaji

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kampuni za anime (katuni za Kijapani) zinazofilisika Japani ilisema chanzo ni watazamaji kupungua na watu kutazama kwa wizi mtandaoni. Hesabu zinakataa. Mwaka 2023 soko zima la anime, ukijumlisha tiketi za sinema, vinyago, nyimbo na haki za kuonyeshwa nje ya nchi, lilipita yen trilioni 3.3, na zaidi ya nusu yake ilitoka nje ya Japani. Mwaka huohuo mapato ya kampuni zinazochora zenyewe, kwa hesabu ya Teikoku Databank, kampuni ya Japani ya utafiti wa biashara, yalikuwa karibu yen bilioni 340. Yaani fungu la kumi. Karamu inaendelea sebuleni, anayezimia ni mpishi jikoni.

Anime nyingi za televisheni hugharamiwa na kamati ya uzalishaji. Ndani yake wamo mchapishaji wa manga (hadithi za picha za Kijapani), kituo cha televisheni, kampuni ya muziki, kampuni ya vinyago na msambazaji. Kila mmoja anatoa mtaji wake, na haki za kazi zinagawanywa kwa kadiri ya mtaji huo. Studio ambayo haikuweka fedha humo ni kama fundi wa jahazi: anaelewana bei, anaunda, anakabidhi, na jahazi likirudi na shehena, shehena si yake. Baadhi ya mikataba huipa mrabaha mdogo. Mingine haiipi hata huo.

Bei yenyewe hupangwa mara moja na haibadiliki, na hapo ndipo kidonda kilipo. Kwa kawaida sehemu moja ya kipindi, ya dakika 22 au 23, hugharimu kati ya yen milioni 10 na 30. Tuchukue mfano wa kukisia: sehemu 12 kwa milioni 18 kila moja, jumla milioni 216, mkataba unasema asilimia 30 mwanzoni, 40 katikati na 30 baada ya kukabidhi sehemu ya mwisho. Studio ina waajiriwa 50, kila mmoja anaigharimu kama yen 400,000 kwa mwezi ukiweka mshahara na bima. Hiyo ni milioni 20 kila mwezi kabla ya kodi ya pango, kompyuta na malipo ya wachoraji wa nje. Kazi ikichelewa miezi 4, milioni 80 zimeteketea kwa mishahara pekee. Malipo ya mwisho ni milioni 64.8. Studio imeshakula hasara hata kabla sehemu ya mwisho haijarushwa, na hilo halihusiani kabisa na kama watu wataipenda au wataichukia.

Ili kuziba pengo, studio inatia saini kazi mpya na kutumia malipo yake ya awali kulipia kazi ya zamani. Wajapani huita hali hiyo uendeshaji wa baiskeli, kwa sababu ukiacha kukanyaga unaanguka. Sisi tulishaisema zamani: kukopa arusi kulipa matanga. Kutoka nje, studio ya namna hiyo inaonekana imeshamiri, ina kazi 3 au 4 kwa msimu. Kwa kweli wingi huo ndio dalili ya ugonjwa, maana wachoraji ni walewale na kila kazi mpya inazichelewesha zilizotangulia.

Kuchelewa kunatoka wapi? Sehemu moja huwa na vipande vya picha kama 300, kila kimoja mwonekano mmoja usiokatika, na michoro 3,000 hadi 5,000. Kila kipande kinapita kwa mpangaji wa picha, mchoraji wa mikao mikuu, msimamizi anayesahihisha sura na miili, wachoraji wa kati wanaojaza mwendo, wapaka rangi, mchora mandhari, halafu anayeunganisha tabaka zote kwenye kompyuta. Kwa sehemu 12 hivyo ni vipande 3,600 vinavyozunguka mjini, baadhi katika bahasha za karatasi, baadhi kama faili. Mchoro mkuu ukiwa dhaifu, msimamizi anauchora upya, na studio imelipia kazi ileile mara 2. Mwandishi wa manga au mjumbe wa kamati akitaka badiliko baada ya mikao kuchorwa, kazi inarudi nyuma hatua 2 au 3 na bei ya mkataba haisogei. Halafu muda ukibana, wachoraji wa kati wanatafutwa China, Korea Kusini, Vietnam au Ufilipino kwa kazi ya usiku mmoja, na kazi ya usiku mmoja hurudi na mistari iliyopinda inayohitaji kusahihishwa tena.

Anayezifuatilia bahasha hizo ni msaidizi wa uzalishaji, kijana wa mshahara mdogo mwenye gari, simu na jedwali la vipande. Watu wa nje hawamtaji kamwe. Lakini yeye ndiye anayejua kwamba kipande cha 147 kiko kwa mchoraji anayeishi mbali, na kwamba mchoraji huyo hujibu simu baada ya saa 4 usiku tu. Studio ikianza kupunguza watu, wasaidizi hao ndio huondoka mapema, wengine kwa kuachishwa, wengine kwa kuchoka, na jedwali linabaki bila anayelielewa. Kuokoa mishahara 3 ya aina hiyo kunaweza kuchelewesha kazi mwezi mzima. Rudini kwenye ile milioni 20.

Hapa ndipo neno "kupunguza wafanyakazi" linapotupoteza. Mwajiriwa wa kudumu Japani ana kinga: sheria ya kazi inadai taarifa ya siku 30 au malipo ya siku hizo, na mahakama hutazama kama punguzo lilihitajika kweli, kama mwajiri alijaribu njia nyingine, kama waliochaguliwa walichaguliwa kwa haki, na kama wafanyakazi walielezwa. Lakini wachoraji wengi si waajiriwa. Wanalipwa kwa mchoro: mchoraji wa kati hupata yen 200 na kitu kwa karatasi, na akimaliza karatasi 400 kwa mwezi kwa yen 220, mkononi ana yen 88,000, kiasi kisichotosha hata kupanga chumba Tokyo na kula vizuri. Yeye hafukuzwi. Simu inaacha kulia, basi. Kwa hiyo studio inaweza kupoteza nusu ya mikono yake na taarifa rasmi isionyeshe hata mtu mmoja aliyeachishwa. Gazeti linaloandika habari hizi halina budi kuuliza idadi ya wachoraji wa nje waliokatwa, na kama ile posho ya mwezi ya kumshikilia mchoraji asichukue kazi za kwingine bado inatolewa. Posho hiyo hukatwa kabla ya mshahara wowote.

Mifano haikosekani. Mushi Production ya mchoraji wa manga Osamu Tezuka, iliyoanzishwa 1961, iliiuzia televisheni kipindi chake cha kwanza kwa bei iliyo chini ya gharama, ikitegemea mrabaha wa bidhaa kufidia, ilifilisika 1973. Manglobe iliomba kufilisiwa Septemba 2015 ikiwa na madeni ya kama yen milioni 350, na filamu ndefu mikononi haijakamilika. Ilibidi studio mpya, Geno Studio, iundwe ili kuimalizia, na watazamaji waliiona Februari 2017. Gainax ni kisa kingine kabisa, na makala yenu ilikosea kuiweka kapu moja na hizo. Kampuni hiyo, iliyozaliwa 1984, haikuuawa na bei ya kamati. Iliingia biashara ya chakula, ikaanzisha kampuni ya picha za kompyuta bila mpango, ikawakopesha wakurugenzi na kampuni zao. Studio ya Khara, iliyoundwa na mmoja wa waasisi wa Gainax yenyewe, iliishtaki 2016 kudai yen milioni 100 na ikashinda mwaka uliofuata. Mei 2024 Gainax iliomba kufilisiwa ikiwa na deni la kama milioni 380. Huo ni uendeshaji mbovu, na tuuite hivyo.

Kuna wanaosema dawa ni studio kumiliki haki zake. Tunakubali nusu. Gonzo ilijaribu: iliingia soko la hisa, ikaweka mtaji katika kazi zake, ikachukua kazi nyingi kwa pamoja. Soko la DVD lilipoporomoka, mtaji uliokuwa umefungiwa katika haki haukuweza kulipa mishahara ya mwezi. Madeni yakazidi mali, ikapunguza watu na kazi, na hisa zake zikaondolewa sokoni 2009. Haki miliki huzaa baada ya miaka 2 au 3. Mishahara hudaiwa kila tarehe 25. Studio inayotaka kuingia kwenye kamati na iwe kwanza na akiba ya mishahara ya miezi 6 isiyoguswa. Isipokuwa nayo, fungu lake ndani ya kamati ni kitanzi.

Hata Studio Ghibli, yenye jina na haki, iliona uzito wa mishahara ya kudumu. Filamu yake ya 2013 kuhusu binti wa mwezini iligharimu kama yen bilioni 5 na kuingiza takriban nusu yake katika sinema za Japani. Agosti 2014 ilitangazwa kwamba idara ya uzalishaji inavunjwa. Waliandika wengi kwamba Ghibli imefungwa. Haikufungwa, iliendelea kuishi kwa haki zake, kwa muda bila wachoraji wa kudumu. Kyoto Animation imeendesha mambo kwa njia tofauti: wachoraji wa mshahara, shule yake ya kuwafunza, na riwaya inazochapisha yenyewe kisha kuzigeuza anime, huku ikichagua kazi chache. Ni njia ya polepole, na haiwezi kuigwa kwa mwaka mmoja.

Kwa maoni yetu kifungu kimoja kingesaidia kuliko hotuba zote: mkataba useme kwamba badiliko linalodaiwa na kamati baada ya mikao mikuu kuidhinishwa hulipiwa na kamati, kwa bei ya kila kipande, na kwamba tarehe ikisogezwa na kamati, gharama za mwezi za studio zinalipwa pia. Mafundi wa nyumba wanajua kifungu hicho tangu zamani. Mwenye nyumba akihamisha mlango, analipa.

Msomaji anayetaka kuona dalili mapema aangalie orodha ya majina mwishoni mwa kila sehemu. Sehemu ya kawaida ina wasimamizi wa uchoraji wachache. Ukiona 15 au 20, kazi iligawiwa vipandevipande dakika za mwisho. Sehemu ya marudio katikati ya msimu, au wiki inayojazwa na kipindi maalumu, husema vilevile. Dalili hizi zinathibitisha ratiba mbovu. Hazithibitishi ufilisi, na tafadhali msiandike hivyo.

Neno la mwisho ni kwa vijana wa Dar es Salaam au Nairobi wanaotamani kuchorea studio hizo kwa mbali. Serikali ya Japani ina mfuko unaolipa asilimia 80 ya mishahara ambayo mwajiri aliyefilisika hakulipa, kwa kikomo kinachofuata umri, lakini ni wa waajiriwa. Tangu Novemba 2024 sheria ya wafanyakazi huru huko inataka masharti yaandikwe na malipo yatoke ndani ya siku 60 baada ya kazi kupokelewa. Mchoraji wa mbali aliyeajiriwa na dalali wa nchi nyingine atapata shida kuitumia. Studio ikifilisika, kodi za serikali na mishahara ya miezi 3 ya mwisho hulipwa kabla, na mkandarasi anabaki kwenye foleni ya nyuma. Kwa hiyo dai ankara kila vipande 10, usingoje sehemu iishe. Hifadhi ujumbe wa kupokelewa kwa kila faili. Mahakama ikitangaza tarehe ya kuwasilisha madai, wasilisha kabla haijapita, na ujue kwamba kesi nyingi za aina hiyo hufungwa bila wadai wa kawaida kupata chochote.

Wasomaji wenu,
Tanga