Kwa wazazi vijana wa mtaani kwetu, Ngamiani: mtoto anangoja ajibiwe

Wanangu,

Shikamoo zenu za Jumamosi kwenye ile arobaini nilizipokea, marahaba. Ila nilirudi nyumbani na jambo moyoni. Pale mkekani alikaa mtoto wa miaka miwili na nusu, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, katuni zinaruka. Mama yake analeta kijiko cha uji, mtoto anapanua mdomo bila kugeuza macho, anameza. Nikamuuliza, "Mjukuu wangu, unakula nini?" Kimya. Mama akacheka: "Bibi, huyu bila simu hali."

Sikusema kitu, shughuli ya watu haiharibiwi. Nasema leo.

Miaka niliyofundisha chekechea, mtoto mzito wa kusema alikuwa mmoja mmoja, na mara nyingi ni sikio. Siku hizi naletewa wanaoimba herufi zote za Kiingereza, lakini akiwa na kiu anakuvuta kanga tu. Hajui kuomba maji.

Kule Seattle, Marekani, Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walichukua watoto wa miezi tisa wa nyumba za Kiingereza, wakawaletea watu wa kucheza nao na kuwasomea vitabu kwa Kichina. Vikao 12 tu. Watoto wakaweza kupambanua sauti za Kichina ambazo kwa kawaida mtoto wa Kiingereza wa umri ule huwa zinaanza kumpotea. Kundi la pili likaoneshwa watu wale wale kwenye televisheni. Halikuambulia kitu. Hayo yalitangazwa mwaka 2003, simu za kutelezesha kidole bado hatujaziona. Mtu wa kwenye televisheni hafuati kidole cha mtoto kinapoelekea. Hamngoji amalize "ba-ba-ba" yake ndipo naye ajibu.

Kwa hiyo msinielewe kwamba kioo chenyewe, cha simu au televisheni, ni uchawi. Watafiti wengine, mwaka 2014, waliona watoto wa miaka miwili wakijifunza maneno mapya kwa mtu anayeongea nao moja kwa moja kwa video, sawasawa na aliyekaa nao chumbani. Video iliyorekodiwa ikawashinda. Basi baba aliye Muscat apige, apige hata kila siku, amuulize mwanawe amekula nini na paka yuko wapi. Hilo silo ninalogombana nalo.

Ninalogombana nalo ni ukimya wa nyumba. Australia waliwavalisha watoto wa familia 220 kinasa sauti kidogo, wakahesabu maneno ya nyumbani. Matokeo yalitoka mwaka 2024: mtoto wa miaka mitatu, kila dakika moja ya kioo iliyoongezeka ilikwenda na maneno ya watu wazima kama saba pungufu masikioni mwake, na sauti zake mwenyewe zikapungua kama tano. Dakika moja hiyo! Mwenye hesabu apige ya saa mbili, mimi niliishia njiani nikafunga daftari.

Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2019: chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Najua mtaniambia, "Bibi, nani apike, nani afue, nani akae gengeni?" Kweli. Nami sijamwambia mtu aache kazi. Mkalishe karibu na kibao cha mbuzi, mwambie "nakuna nazi, sikia hiyo," mpe kifuu achezee. Akisema neno, hata bovu, mjibu. Na wewe baba unayerudi na simu mkononi, mtoto anakuita mara tatu unaitikia "mm" huku unachati, hesabu ile inakuhusu pia.

Jumamosi hii baada ya Alasiri waleteni kibarazani kwangu. Nina mihogo ya nazi na vitendawili vya kutosha. Kapu la simu nitaliweka mlangoni, na yangu itatangulia kuingia, maana tamthilia ya saa kumi na moja nami imenishika, na mjukuu wangu ameshajifunza kunigeuza kidevu kwa mkono ili nimtazame.

Bibi yenu, mwalimu mstaafu