Harambee kwa ajili ya siku zisizo na picha

Wapendwa katika Bwana, tunawasalimu kwa jina la Yesu Kristo.

Barua hii inatoka kwenye kamati ya misioni ya usharika wetu. Inaomba fedha, na ni afadhali tuliseme hilo mapema kuliko kuzunguka mbuyu. Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya ibada, tutafanya harambee kwa ajili ya familia tatu tulizozituma kwenye utume. Maneno yanayofuata ni ya kueleza fedha hiyo inakwenda wapi, maana wengi wetu hatujui, na hata ndani ya kamati wapo waliokuwa wakikisia tu.

Kwenye ubao wa matangazo pale mlangoni kuna picha walizotutumia. Mtu anabatizwa mtoni. Watoto wameshika vitabu. Ndugu yetu amesimama na Biblia mkononi, watu wamemzunguka. Picha hizo ni za kweli, hakuna aliyepangwa akae hivi wala vile. Lakini mimi ninayeandika nilitumika huko miaka sita kabla ya kurudi nyumbani, na nikizihesabu siku zangu zote, zilizostahili picha hazizidi vidole vya mikono miwili. Nyingine zote zilikuwa siku tu.

Siku yenyewe huanza hivi. Unaamka kabla ya watoto, kwa sababu wakishaamka hakuna maombi tena. Unasoma fungu la siku katika lugha uliyozaliwa nayo, kisha unalisoma tena katika lugha ya wenyeji, kidole kikifuata mstari kama mtoto wa darasa la kwanza. Halafu maji, nguo za kufua, paa linalovuja, mlango uliogoma kufunga tangu mvua ya kwanza. Asubuhi ikipevuka anakuja mwalimu wa lugha. Unatamka neno, anatikisa kichwa. Unatamka tena, anatikisa tena. Na kuna mtoto mdogo kwenye kizingiti anayeangua kicheko kwa sababu umetaka kusema “tuombe” ukasema jambo lisilosemeka mbele ya wakwe. Mchana unakwenda kumwona mgonjwa. Mnakaa. Saa nzima inapita hamjazungumza lolote la dini. Mwanzoni nilidhani napoteza muda. Ilinichukua miaka miwili kuelewa kwamba kule kukaa ndiko kulikokuwa kazi, na kwamba yule mgonjwa alikuwa akinipima kama ningekuja tena.

Usiku ni wa mahesabu na ripoti. Ripoti ya robo mwaka ina kisanduku kilichoandikwa “waongofu wapya”. Niliwahi kujaza sifuri humo mara tano mfululizo. Ile ya tano niliikodolea macho mpaka taa ikaanza kufifia, nikitafuta neno la kuipamba. Sikulipata, nikaiacha sifuri kama ilivyo, nikaenda kulala bila kuomba. Nalisema hili bila kujisifu. Nalisema kwa sababu watu hudhani imani ya mmisionari ni kama tangi lililojazwa siku ya kuwekewa mikono, na kwamba akiwa kule anachota tu.

Mmisionari Mwingereza William Carey alifika India mwaka 1793, na mtu wa kwanza kubatizwa kutokana na kazi yake, Krishna Pal, alibatizwa Desemba 1800. Miaka saba. Tunaisimulia habari hiyo haraka tukikimbilia ubatizo, lakini katikati ya miaka hiyo Carey alisimamia kiwanda cha nili, ile rangi ya buluu ya nguo, ili familia ipate kula, na mwaka 1794 alimzika Peter, mwanawe wa miaka mitano. Mkewe Dorothy, ambaye hapo mwanzo hakutaka kabisa kuondoka Uingereza, aliugua akili baada ya msiba huo na hakupona hadi alipofariki mwaka 1807. Mahubiri yanamkumbuka sana Carey. Dorothy hutajwa kwa nusu sentensi, kama anatajwa. Kamati yetu imeamua kwamba katika harambee hii tutaanza na Dorothy, yaani na wake, waume na watoto wanaofuata wito uliomfikia kwanza mtu mwingine nyumbani mwao.

Kabla ya hapo tuna jambo la kukiri. Mwaka jana usharika huu ulichelewesha matumizi ya familia hizi kwa miezi minne. Hakuna aliyeiba, vitabu vimekaguliwa. Ahadi zilitolewa kwa shangwe siku ya kuwaaga, ngoma na vigelegele, kisha zikapungua kimyakimya mwezi baada ya mwezi. Hawakulalamika. Tulijua tu pale mmoja wao alipoandika kwamba ameanza kufundisha masomo ya jioni ili alipie pango, na kwamba mafunzo ya Biblia ameyasogeza hadi Jumamosi.

Kuna ndugu mmoja kwenye kikao alisema, “Hata Paulo alishona mahema.” Ni kweli, alishona, kule Korintho, pamoja na Akila na Prisila. Lakini Matendo 18 haiishii kwenye mahema. Sila na Timotheo walipowasili kutoka Makedonia, Paulo alijitoa kabisa kwa lile Neno, na katika waraka wa pili kwa Wakorintho anaeleza kwamba ndugu waliotoka Makedonia ndio waliomtimizia mahitaji yake. Ukiyasoma mafungu hayo mawili pamoja unaona kilichotokea: watu wa mbali walichanga, na sindano ikawekwa chini. Walimnunulia saa za mchana. Sisi mwaka jana tuliziuza.

Sasa, fedha inakwenda wapi.

Sehemu kubwa ni mwalimu wa lugha, na hapa ndipo watu hushangaa. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alitua Mombasa mwaka 1844, na jambo la kwanza alilolishika ni maneno: kuuliza, kusikiliza, kuandika, kufuta, kuuliza tena. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki mwaka mmoja kabla. Sisi tunaoabudu kwa Kiswahili tungepaswa kuwa wa mwisho duniani kuuliza kwa nini mmisionari analipiwa darasa. Wawili kati ya watumishi wetu bado wanahubiri kwa mkalimani, na mkalimani, hata akiwa mwaminifu, hawezi kukufanyia mzaha wako wala kulia kwa niaba yako msibani.

Bima ya afya inafuata. Huyo huyo Krapf, miezi michache baada ya kutua, alimzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga, yeye mwenyewe akiwa kitandani na homa. Mwenzake Johannes Rebmann hakufika hadi 1846. Ugonjwa ule ule leo una dawa, lakini dawa inataka mtu afike hospitali mapema, na kufika mapema kunataka fedha iliyo tayari mkononi. Fedha ya kuombwa kwa barua haimfai mgonjwa wa homa. Tunataka kila familia iwe na akiba ya dharura isiyoguswa kwa jambo lingine lolote.

Ada za watoto nitazipita haraka, kila mzazi anazijua.

La kupumzika ndilo lenye ubishi. Tunaomba fedha ya kuirudisha kila familia nyumbani kwa miezi mitatu baada ya kila miaka mitatu. Wapo watakaouliza kwa nini sadaka yao igharimie likizo ya mtu. Swali ni la haki, na jibu langu ni Eliya. Ametoka kushinda mlimani Karmeli, moto umeshuka mbele ya watu wote, na baada ya muda mfupi yuko nyikani chini ya mretemu akiomba afe. Mungu hakumkemea wala hakumhubiria. Alimwacha alale, malaika akamwamsha ale, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili kwa sababu safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Maneno ya kazi yalikuja baadaye. Mimi nilirudi nyumbani mwaka wa sita nikiwa siwezi kusikiliza wimbo mpaka mwisho, na hakuna aliyekuwa amepanga nipumzike, hivyo niliacha utume kabisa. Huenda ningekuwa huko mpaka leo.

Kuna pia michango ya uzeeni, ambayo hakuna anayependa kuichangia. Mtumishi aliyetumwa na usharika huu akiwa kijana atazeeka kama sisi, na akizeeka bila kitu aibu itakuwa yetu.

Tafadhali msilete mitumba siku hiyo. Tunasema kwa upendo, lakini tunasema. Kusafirisha marobota kunagharimu kuliko nguo zenyewe, na kule waliko nguo zipo. Paulo akiwa kifungoni alimwomba Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu, hasa vile vya ngozi, na akamsihi aje kabla ya wakati wa baridi. Aliomba joho lake mwenyewe, analolijua. Basi nasi tutauliza kwanza kinachohitajika, ndipo tutume.

Kadi za ahadi ziko kwa mhazini na kwa viongozi wa jumuiya. Tunaomba ahadi ya kila mwezi kwa miezi 12, hata ikiwa ndogo, kuliko kitita cha siku moja ambacho kitasahaulika kabla mwezi haujaandama. Andika kiasi ambacho unaweza kukitoa hata mwezi mbaya. Anayetaka kutoa mara moja tu tutampokea kwa furaha, ila aandike hivyo kwenye kadi, ili tusimtegemee kimakosa. Majina ya watoaji na viwango vyao hayatatangazwa kanisani. Jumla itasomwa, na kila robo mwaka mhazini ataeleza ilivyotumika, pamoja na pale ilipopungua. Ukiona umeshindwa kuendelea, mwambie mhazini mapema. Hatakusema. Kilichotuumiza mwaka jana ni ukimya.

Siku hiyo kutakuwa pia na meza yenye karatasi, kalamu na bahasha, kwa ajili ya barua. Hii si kwa ajili ya wasio na fedha tu. Katika miaka yangu sita nilipata barua nne kutoka usharikani, na bado ninazo. Msiandike kuuliza kazi inaendeleaje, swali hilo wanaulizwa kwenye ripoti. Andikeni habari za hapa: nani ameoa, kwaya imegombana kuhusu nini, mahubiri yaliyowachosha. Wanaimiss hiyo. Familia moja kati ya hizo tatu ina watoto watatu, na mdogo hajajua kusoma, kwa hiyo yeye mchoreeni kitu.