Taarifa ya Mwaka 2024 ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Chapa za Toleo Maalumu, Nakala za Michoro na Fremu Zake

Ndugu Wanachama,

Katiba ya chama chetu cha wakusanyaji wa chapa inamtaka mwenyekiti aeleze mbele ya mkutano mkuu yale yaliyofanywa na kamati kwa mwaka mzima. Mwaka huu sehemu kubwa ya kazi yetu ilizunguka suala lililotugawa katika mkutano uliopita: je, nakala ya mchoro iliyotolewa kwa mashine ya kompyuta, ikatiwa namba, sahihi na fremu nzuri, ina haki ya kutundikwa katika maonyesho yetu pamoja na chapa iliyotoka kwenye ubao, bamba la shaba au jiwe? Kamati imefikia uamuzi, nami naomba ridhaa yenu niueleze kwa urefu, kwa kuwa hesabu, ada na maombi ya uanachama hayakuwa na utata na yatasomwa na mhazini na katibu kwa zamu zao.

Wengi wetu tuliingia katika ukusanyaji tukiamini kwamba ile namba ndogo ya penseli iliyo chini ya picha, tuseme 12/50, yaani nakala ya 12 kati ya 50, ndiyo inayoipa chapa thamani yake. Historia ya chapa haituungi mkono sana. Msanii wa Japani Katsushika Hokusai alipotoa picha yake ya wimbi kubwa la Kanagawa, yapata mwaka 1831, hapakuwa na namba wala kikomo. Mchapishaji aliendelea kutoa nakala kwa maelfu kadiri wanunuzi walivyojitokeza na mbao zilivyostahimili. Hata hivyo nakala moja ya picha hiyo iliuzwa mnadani New York mwezi Machi 2023 kwa zaidi ya dola za Marekani milioni 2.7. Wajuzi hawaulizi ni ya ngapi, bali huukagua mstari wa kile kisanduku chenye maandishi upande wa juu kushoto na kuangalia umekatika wapi, kwa sababu mpasuko wa mstari huonyesha jinsi ubao ulivyokuwa umechoka siku karatasi hiyo ilipolazwa juu yake.

Mfano wa Francisco Goya, msanii wa Hispania, unatufaa zaidi. Tarehe 6 Februari 1799 alitangaza katika gazeti la Madrid mfululizo wa chapa 80 uitwao Caprichos, kwa bei ya reale 320 (sarafu ya Hispania ya wakati huo) kwa seti, na zikauzwa katika duka la manukato na vileo. Zilichapwa seti kama 300, zikauzwa chache mno, na mwaka 1803 akamkabidhi mfalme mabamba yote pamoja na seti 240 zilizobaki. Mabamba hayo hayakupumzika. Yaliendelea kuchapwa baada ya kifo chake mwaka 1828 hata kufikia 1937, matoleo 12 kwa jumla, ilhali kivuli cha akwatinta, ambacho ni chembechembe laini mno zilizoliwa na asidi juu ya shaba, hulika upesi kila bamba linapopita chini ya kinu cha kuchapia. Mwenye karatasi ya 1799 ana usiku mweusi wenye kina. Mwenye karatasi ya toleo la mwisho ana mchoro uleule ulio na kijivu kilichofifia. Wote wawili wana Goya halali, na hakuna aliyedanganywa, ilimradi muuzaji alitaja toleo.

Kwa hiyo kikomo cha awali kilitokana na bamba lenyewe: shaba ilichoka, na mchapaji akalazimika kuacha. Katikati ya karne ya 19 mafundi walipojua kuupaka uso wa bamba utando mwembamba wa chuma kwa njia ya umeme, bamba moja liliweza kutoa nakala nyingi sana bila kuonyesha uchovu, na tangu hapo idadi ikawa jambo la kuamuliwa na mtu. Haikuwa sadfa kwamba katika nusu ya pili ya karne hiyo wasanii wa chapa Seymour Haden na shemeji yake James McNeill Whistler waliieneza desturi ya kutia sahihi ya penseli, wala kwamba baadaye wachapishaji walianza kuandika namba na kulikwaruza bamba ili lisichapwe tena. Walikuwa wanaweka ahadi mahali ambapo zamani palikuwa na uchovu wa shaba, na ahadi huvunjwa. Mwaka 1974 maofisa wa Ufaransa walisimamisha gari dogo lililokuwa likielekea Andorra na kukuta humo karatasi tupu kama 40,000 zenye sahihi ya msanii Salvador Dalí, zikingoja mtu yeyote azichape picha yoyote. Sahihi zilikuwa zake kweli, na hapo ndipo ulipo uzito wa kisa hicho kwetu sisi tunaokimbilia kutazama sahihi kabla ya kutazama karatasi.

Nakala za kompyuta zimelimaliza kabisa suala la uchovu. Tangu 1991, wachapaji wa California walipoanza kuziuza kwa wakusanyaji kwa jina la jiklee, jina alilolibuni Jack Duganne, mchoro hupigwa picha, faili huhifadhiwa, na wino hurushwa kwenye karatasi ya pamba kwa ustadi ambao jicho la kawaida haliushtukii. Wino wa mwanzoni ulififia upesi. Wa sasa, uliotengenezwa kwa pigmenti, yaani chembe za rangi zisizoyeyuka, hudumu kwa miongo mingi ukitunzwa. Lakini faili halichoki. Nakala ya 1 na ya 500 hazitofautiani kwa lolote, na anayeandika 1/500 hana kinachomzuia kesho kutoa picha ileile kwa ukubwa mwingine na kuihesabu upya tangu moja, isipokuwa neno lake mwenyewe.

Hapa ndipo baadhi ya wanachama walipotaka tuzifungie mlango nakala hizo. Kamati haikukubali, na mimi nilikuwa upande wa wengi. Nakala nzuri ya mchoro ni njia ya halali ya kuishi na picha ambayo asili yake iko makumbusho au kwa tajiri asiyefungua mlango. Sebuleni kwangu kuna moja, na mgeni akiuliza humwambia ni nakala, kisha tunaendelea na chai. Lawama iwaendee wanaoiuza kwa bei na lugha ya kitu ambacho sicho. Tulichoamua, kwa hiyo, ni kwamba kazi zote mbili zitaonyeshwa, kila aina kwenye ukuta wake, na hakuna kazi itakayopokelewa bila hati.

Hati hiyo ni karatasi moja tu. Itaeleza jina la msanii na la kazi. Mwaka bamba, ubao au faili lilipotengenezwa, na mwaka karatasi hii ilipochapwa, kwa kuwa miaka hiyo miwili mara nyingi hutofautiana. Njia iliyotumika na aina ya karatasi. Idadi ya toleo zima, zikihesabiwa humo nakala za msanii, yaani zile anazojiwekea mwenyewe nje ya namba, ambazo kwa desturi hazizidi sehemu moja ya kumi ya toleo lakini wauzaji wengine huzifanya kichaka cha kufichia idadi halisi. Kama picha hiyo imetolewa kwa ukubwa mwingine. Bamba au faili limefanywa nini baada ya toleo kukamilika. Na, kwa nakala za michoro, ni nani aliyetoa ruhusa. Pale ambapo mwenye kazi hajui, ataandika kwamba hajui. Chapa isiyo na namba haitakataliwa kwa sababu hiyo, kwani nimekwisha kueleza kwamba kazi nyingi bora duniani hazikuwahi kuwa nayo.

Swali la ruhusa linahitaji maelezo, kwa kuwa linatugusa nyumbani. Edward Saidi Tingatinga alipaka rangi za mafuta juu ya hadibodi. Kazi tunazomjua kwazo ni michoro ya mkono, si chapa. Kwa hiyo picha yake yoyote iliyo kwenye karatasi na ndani ya fremu, hata ikiwa na namba, ni nakala, na katika maonyesho yetu itaitwa hivyo. Alifariki mwaka 1972, na kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 hulinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake, haki za kiuchumi za michoro yake zilifika mwisho hapa nchini pamoja na mwaka 2022. Haki za wanafunzi wake na za wachoraji wa leo wanaofuata mtindo wake hazijafika. Anayepiga picha mchoro wa kijana aliyeko Oysterbay, Dar es Salaam, na kuuchapa kwa idadi maalumu bila idhini yake anavunja sheria, na mnunuzi anayejua hayo hana pa kujifichia.

Msanii mwenzake wa Tanzania, George Lilanga, yuko katika hali tofauti. Mbali na michoro na vinyago, alitengeneza chapa halisi za bamba alipokuwa Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, kituo ambacho Robino Ntila naye alifanya kazi ya bamba na asidi. Lilanga alifariki mwaka 2005, kwa hiyo kazi zake bado zinalindwa. Chapa yake ya bamba na nakala ya kompyuta ya mchoro wake zinaweza kukutana katika duka moja zikiwa na fremu zinazofanana, na ndiyo sababu siku ya mafunzo tuliyoiandaa mwaka huu ilitumika yote kwa kioo cha kukuzia. Chapa ya bamba huacha alama ya ukingo wa bamba iliyozama kwenye karatasi, na wino wake husimama juu kidogo kiasi cha kuhisiwa na jicho. Chapa ya ubao au ya linoleo, kifuniko laini cha sakafu kinachochongwa kama ubao, huwa na wino uliosukumwa kuelekea pembeni mwa kila umbo. Picha ya kiwanda huonyesha vitone vilivyojipanga kama maua madogo. Na ya kompyuta huonyesha vumbi la vitone visivyo na mpangilio. Waliohudhuria wanaweza sasa kutambua aina hizo bila kumtegemea muuzaji. Wanachama wa Mombasa wameomba mafunzo yapelekwe kwao, na kamati imekubali.

Napenda pia kuwakumbusha wanachama wetu walioko Kenya kwamba marekebisho ya mwaka 2019 ya sheria yao ya hakimiliki yameweka malipo ya asilimia 5 kwa msanii pale kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Anayeuza sehemu ya mkusanyiko wake kupitia mnada au duka la sanaa alizingatie hilo mapema.

Sasa fremu, ambako naona tunapoteza zaidi kuliko tunavyopoteza kwa wadanganyifu. Pwani yetu ina unyevu ambao karatasi haiupendi: makumbusho hujitahidi kuuweka unyevu wa hewa karibu na asilimia 50, ukungu huanza kujipenyeza ukipita takriban 65 kwa muda mrefu, na nyumba zetu za Dar es Salaam, Unguja na Mombasa huvuka kiwango hicho kwa miezi mingi. Mafundi wetu wa fremu ni hodari wa mbao, na pembe zao hukutana vizuri kabisa. Tatizo ni kile kinachowekwa nyuma ya kioo. Hadibodi na kadibodi ya kawaida hutoa asidi inayoigeuza karatasi kuwa ya kahawia, selotepu huacha doa lisilotoka, gundi iliyopakwa mgongo mzima huifanya chapa isiweze kutolewa tena, na kioo kinachogusa wino hunatana nao siku ya joto. Mwanachama mmoja alipeleka kwa fundi chapa ya linoleo iliyokuwa kubwa kidogo kuliko fremu aliyoichagua. Fundi, kwa nia njema kabisa, akaipunguza karatasi pande zote nne, na namba, jina la kazi na sahihi vikafagiliwa pamoja na takataka za siku hiyo.

Kamati inapendekeza kila mwanachama amwandikie fundi maagizo kabla ya kumwachia kazi. Karatasi isikatwe kamwe. Ishikwe kwa vibanzi viwili vya karatasi ya Kijapani ya mforsadi, upande wa juu tu, kwa uji wa wanga wa ngano, ili siku moja iweze kufunguliwa kwa maji. Mbele na nyuma iwekwe kadibodi ya pamba isiyo na asidi, na kadi ya mbele ikatwe dirisha lenye unene wa kutosha kukitenga kioo na wino. Nyuma ya fremu, pembe za chini, vibandikwe vipande vya kizibo ili hewa ipite kati ya picha na ukuta. Kioo cha kuzuia miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana inayofifisha rangi, ni ghali na huagizwa kutoka nje. Asiyekimudu aitundike picha mbali na dirisha, kwenye ukuta wa ndani usionyeshewa na mvua, na aipumzishe sandukuni baada ya miezi michache. Kiwango cha mwanga kwa kazi za karatasi ni karibu luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), ambacho ni hafifu kuliko wengi wetu tulivyozoea.

Yapo mambo mawili ya kupigiwa kura. La kwanza ni kuiingiza hati katika kanuni za maonyesho kuanzia mwaka ujao, nakala yake moja ikibaki kwa katibu na nyingine ikibandikwa nyuma ya fremu ndani ya bahasha. La pili ni kuidhinisha fedha za kuagiza kwa pamoja kadibodi ya pamba na karatasi ya mforsadi, kwa kuwa mtu mmoja mmoja hupata shida kuagiza kiasi kidogo. Wanachama watanunua kwa bei ya gharama. Rasimu ya hati imeambatishwa kwenye taarifa hii, na anayetaka maneno yake yabadilishwe ampelekee katibu maandishi kabla ya kikao cha mchana kuanza.

Mwenyekiti,
kwa niaba ya Kamati ya Utendaji