Walimu wa awali, mwacheni anywe maji

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na walimu wa madarasa ya awali, hasa wa huku kwetu Kanda ya Ziwa.

Mwanangu ana miaka mitano na nusu, ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwezi uliopita alirudi kutoka shuleni na chupa ya maji imejaa vilevile nilivyomjazia asubuhi. Kaptula imelowa, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Nilipouliza, mwalimu akaniambia bila ubaya wowote, "Mama, huyu anaomba choo kila saa, na wenzake wanamwiga. Nimemwambia asubiri mapumziko." Chupa ilikuwa inawekwa juu ya kabati. Mtoto naye, kwa kuogopa kujikojolea, akaona dawa ni kutokunywa kabisa.

Saa nane usiku miguu ikaanza. Huwa halii kwanza. Anakunja magoti, anageukia ukutani, anasema "Mama, nikande." Nikamkanda kwa kitambaa cha maji ya vuvuguvugu, nikampa parasetamo, baadaye brufeni. Kulipokucha tulikuwa hospitali, dripu mkononi. Tulilala siku nne.

Walimu wangu, damu ya mtoto huyu ikipungukiwa maji, chembe zake nyekundu hujikunja kama mundu na kukwama kwenye mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu yanapotoka. Figo zake nazo haziwezi kubana maji kama za wenzake, kwa hiyo anakojoa sana hata asipokunywa sana. Kitandani pia anakojoa, na kumchapa kwa hilo ni kumwonea. Baridi inamwumiza: sweta asivuliwe ati kwa sababu haifanani na sare. Na akipata homa, tafadhali nipigieni simu saa hiyohiyo. Msimlaze kwenye mkeka mkisubiri muda wa kutoka. Bandama lake halimkingi, na maambukizi kwa mtoto kama huyu hayangoji jioni.

Hayo ningeyasema siku ya kwanza. Sikuyasema, na hapa lawama ni yangu. Fomu ya kujiunga iliuliza kama mtoto ana ugonjwa wa kudumu, nikaandika "Hana." Shule ya kwanza niliyokwenda nilisema ukweli, nikajibiwa kwamba nafasi zimejaa, wiki hiyohiyo jirani yangu akapata nafasi mbili. Nikajifunza kunyamaza. Tusemwe wazazi kwa kuficha, sawa, lakini anayesema ukweli asifungiwe mlango.

Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu nchini kila mwaka, na mikoa yetu ya Ziwa ni miongoni mwa inayoongoza. Mwalimu wa Mwanza anayedhani hajawahi kumfundisha mmoja wao, huenda hakuambiwa tu. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui lolote. Viganja na nyayo zilipomvimba akiwa na miezi minane, jirani alisema amerogwa, na nusura nimwamini. Kipimo cha damu ndicho kilichotueleza kwamba mimi na baba yake wote tumebeba vinasaba vya selimundu, na kwamba kila mimba yetu ina nafasi moja kati ya nne ya kutoka hivi.

Dawa anatumia: foliki asidi, na haidroksiyurea ambayo imepunguza sana kulazwa. Zikikosekana hospitali ninazitafuta mitaani, hilo nitalibeba. Ninachoomba shuleni hakina gharama. Chupa ikae mezani kwake, na akiinua kidole aende chooni.

Mwalimu wake alinielewa siku ileile. Sasa chupa inarudi tupu, na wanasema anajaza mara mbili. Januari anaingia darasa la kwanza, shule nyingine. Fomu ninayo hapa, nimejaza jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu. Kile kipengele cha ugonjwa bado.

Mama wa mtoto mwenye selimundu,
Mwanza