Kwa nini tunakutoza hela ya kupima presha ya bomba la gesi

Kuna mteja wetu wa Sinza kaandika kwenye grupu la mtaa kwamba sisi ni wezi, eti tumemlipisha fundi wa "kukaa kuangalia saa". Ile siyo saa, ni geji jamani, kifaa chenye mshale wa kuonyesha presha, na lalamiko hili limezidi, ngoja tulijibu.

Bomba la gesi asilia halikabidhiwi bila kupimwa. Makubwa kama lile la inchi 36 linalotoka Madimba Mtwara mpaka Dar, lililozinduliwa 2015, viungo vinapigwa eksirei halafu linajazwa maji kwa presha kuzidi ile litakayofanyia kazi. Gesi ikifika mjini inapunguzwa presha, inatiwa harufu maana yenyewe haina, ndo inapita kwenye mabomba ya plastiki yaliyofukiwa mpaka kwenye mita yako. Kutoka mita kwenda jikoni ndo kazi yetu.

Tunafunga valvu, tunajaza hewa kwa kompresa, tunaacha geji. Sasa hewa ya kompresa inaingia ya moto, ikipoa mshale unashuka wenyewe hata kama hakuna panapovuja, kwa hiyo lazima fundi asubiri itulie ndo aanze kupima. Huko ndo "kukaa". Mshale ukishuka baada ya hapo, ujue panavuja, tunapaka povu la sabuni kila elbo (kiungo cha kona) na kila tii (kiungo cha njia tatu), panapotoa mapovu ndo penyewe.

Wengine wanamwita fundi wa maji, anafunga na tefloni (ule utepe mweupe wa kuzungushia nyuzi za bomba) ile ile ya bomba la maji, anafukia ukutani, plasta, tailizi, halafu sisi tunaitwa "kuwasha tu". Mama mmoja wa Mikocheni jiko lake lilikuwa linang'aa, tukaweka geji mshale ukashuka. Tailizi zikavunjwa mpaka nyuma ya sinki, kumbe elbo moja haikukazwa! Fundi tailizi kalipwa mara mbili.

Mwingine alileta jiko la mtungi, moto ukawa mdogo, akasema gesi haina nguvu. Gesi asilia inataka nozeli (kile kipande chenye tundu kinachotoa gesi kwenye jiko) yenye tundu kubwa zaidi kuliko ya gesi ya mtungi, yeye akaita kijana akatoboa kwa drili, moto ukawa wa njano, sufuria masizi matupu. Akanunua seti nzima ya nozeli ambayo kwenye bei yetu ilikuwemo.

Kipimo hatukiondoi. Ukitaka nafuu, bomba lipite nje ya ukuta, njia fupi, elbo chache. Tutumie picha ya jiko na pale mita itakapokaa tukupigie hesabu, ila plasta usipige kwanza.